Jibu la Dubai na Zamu ya Maji

Siku ile tulikuwapo mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu; mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi simu huko Same mjini; baba mdogo, aliyekaa mahali pa marehemu baba; shangazi; mshenga pamoja na baba wa kijana aliyeleta posa; na jirani yetu, mama mwenye uwanja tuliokalia. Aliyeposwa mwenyewe hakuwapo. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa Dubai, anafanya usafi hotelini.

Tulikaa kwa jirani kwa sababu ya mtandao. Nyumbani kwangu Vudee unasuasua, lakini kwake, juu karibu na ndiva, simu inashika vizuri. Ndiva ndilo bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia shambani. Siku ile zamu ilikuwa ya jirani. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua.

Wazazi wetu walipofariki, mimi niliacha shule nikashika jembe. Watu hunionea huruma kwa hilo. Mimi najiona nina bahati, maana wadogo zangu wote wawili wamekua wakinisikiliza.

Kwetu posa haijibiwi na wazee peke yao. Binti huitwa mbele ya wageni, akaulizwa kama anawajua na kama kilicholetwa kipokelewe, naye hujibu kwa mdomo wake. Wageni walikuwa wametoka Ugweno, wakashuka hadi lami, wakafika Same, wakapanda tena milima yetu. Wasingeweza kuja na kurudi kila wiki.

Tulianza na simu ya kawaida. Nilikuwa nimeweka salio la nchi za nje kwa fedha yote niliyokuwa nayo. Shangazi akaomba amsalimie kwanza. Akauliza habari za kazi, za chakula, za joto, za kanisa, kisha akaanza kumsimulia jinsi ng'ombe wetu alivyozaa. Salio likaisha ndama hajasimama.

"Shangazi!" mdogo wangu akalalamika.

"Sasa nisimsalimie mtoto wa kaka yangu? Ulitaka nimrukie na mambo ya mahari?"

Tulichobaki nacho ni bando. Kule Dubai ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita kwenye intaneti, lakini kupiga simu kwa njia hiyo kumefungwa.

"Hii ndogo," mdogo wangu akasema. "Naweka VPN."

Baba mdogo akauliza ni mdudu gani huyo. Akaelezwa kwamba ni kama kutoka nyumbani kwako kwa kupitia mlango wa jirani: anayekulinda anaona umeingia kwa jirani, hajui umeelekea wapi. Mdogo wangu akaiweka kwenye simu yangu. Ikazunguka, ikatuletea tangazo la viatu kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na Dubai haikuita. Ndipo fundi wetu akakumbuka kwamba mlango uliofungwa ni wa kule, siyo wa Vudee.

"Basi aweke yeye," akasema.

"Ni halali?" nikauliza.

"Dada, dunia nzima wanatumia. Kenya wanatumia tu. China wanaibana. Hapa kwetu walisema anayetumia ajisajili."

"Wewe umejisajili?"

Akajikuna kisogo. Shangazi akacheka kwa furaha ya kulipa kisasi.

Nikamtumia mdogo wetu ujumbe wa sauti nikimuuliza sheria ya huko. Jibu likaja, na wote tukalisikia.

"Dada, tulielezwa tulipoanza kazi. Kuwa nayo siyo kosa, hata ofisi za huku wanatumia. Kosa ni kufungulia kilichofungwa. Faini yake sitaiweza, na naweza kufukuzwa kazi nikarudishwa. Ila wenzangu chumbani wanapiga nayo kila siku. Ukisema niweke, naweka."

"Kitu kimoja," baba mdogo akashangaa, "huku ruhusa, kule kosa?"

"Kama mirungi, mzee mwenzangu," akasema mshenga. "Pale Taveta, upande wa Kenya, inauzwa mchana kweupe. Ukivuka nayo kuja huku, pingu."

Tukacheka wote, hata baba wa kijana. Lakini alipomaliza kucheka akasema kwa upole, "Sisi tukirudi bila neno la binti, nyumbani tutasema nini?"

Wote wakanitazama. Mdogo wetu alisema ataweka nikisema, na nilijua ataweka.

"Haweki," nikasema.

"Mwanangu, ni dakika chache tu," akasema baba mdogo.

"Baba mdogo, asiyekamatwa ni hao wenzake. Yeye je? Tutaongea kwa ujumbe wa sauti, kidogo kidogo."

"Na sauti ya kurekodi nitaiulizaje?" baba mdogo akauliza. "Nitajuaje hajaandikiwa maneno?"

Mshenga ndiye aliyetuokoa. Akasema kila mmoja aulize lake, jambo ambalo hakuna wa kumsaidia kulijibu, na tungoje. Baba wa kijana akaishika simu yangu karibu sana na mdomo.

"Binti, unatufahamu sisi?"

Tukangoja. Jirani akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Kutoka bondeni mtu wa mfereji akaita kwa sauti: afungue au asifungue? Jirani akatazama wageni, akatazama sufuria.

"Mpe anayefuata!" akajibu.

Jibu likaingia. "Nakufahamu, baba. Wewe ndiye uliyenicheka nilipoangukia kwenye mkungu wa ndizi pale kwenu, halafu ukaninyanyua."

Mzee akapiga goti lake kwa kiganja. "Huyu ndiye!"

Baba mdogo akauliza lake la mwisho: tupokee? Safari hii tulingoja hadi chai ikapoa.

"Pokeeni. Ila nimalize mkataba wangu wa kazi kwanza. Na shangazi aniambie, ndama alisimama?"

Shangazi alipiga vigelegele, wa bondeni wakavijibu.

Bado yuko kule, na kazi yake anayo. Kila zamu yangu ya maji ikifika, napita kwa jirani kumwambia aichukue badala ya ile aliyoiacha. Anakataa. Anasema maharage yalijikongoja kwa mvua, na kwamba ataidai harusi ya mdogo wetu ikikaribia, kwa sababu wakati huo atataka mboga nyingi shambani. Basi nafungulia maji kwangu. Zamu yake bado nadaiwa.