Sababu Tatu za Kutokwenda Ijumbi

Siku ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, mwanangu, ni Jumapili moja niliposimama kando ya kamba kule Mwanza, nimevaa kitenge kipya cha harusi, na baba yangu yuko upande wa pili wa kamba ananisifu mbele za watu. Nitakufikisha hapo. Usinikimbize, maana magoti yangu hayakimbii tena na maneno yangu yamezoea mwendo wa magoti.

Nimeikumbuka kwa sababu juzi nilikusikia ukizungumza na shangazi yako wa Dar es Salaam kwenye simu. Anaumwa, anakuomba uende, nawe ukawa unamweleza kwa nini haiwezekani wakati huu wa ugonjwa. Basi linajaza watu wanaokohoa. Gari la kukodi hujui dereva kalala wapi. Ndege ndiyo hewa ile ile wanavuta wote. Uliyapanga vizuri sana. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, na uso ukaniwaka kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani.

Sikiliza basi.

Miaka ile nchi ilikuwa bado changa, na Serikali ilitutawanya vijana kama mbegu. Mhaya anapelekwa Tabora, Mnyamwezi analetwa Bukoba, mjuane muwe taifa. Mimi nilipangiwa shule ya kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Tabora. Asubuhi nafundisha jiografia, mchana nasimamia shamba la mahindi la shule. Nilikuwa msichana wa mjini, kwa maoni yangu mwenyewe angalau.

Ndipo kipindupindu kikaingia. Wewe unalijua neno tu, mimi nawajua watu. Mtu anaamka mzima na jioni amekauka kama ganda la ndizi. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, vilabu vya pombe vikafungwa, kila mpaka wa wilaya ukawekwa kizuizi, na msafiri asiye na kadi ya chanjo anarudishwa alikotoka.

Katikati ya hayo ikaja barua ya baba kutoka kwetu Ijumbi, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa mgonjwa kitandani na ananiita. Bibi ndiye aliyenilea, mama yangu alipofariki nikiwa mdogo. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujikata na kusali rozari bila kusinzia, ingawa hilo la pili halikuniingia sana. Baba aliandika kwa ule mwandiko wake wa misheni: "Koku, bibi yako safari hii hatanii. Njoo akuone."

Sasa hapo kwenye "safari hii" ndipo nilipojishika. Bibi alikuwa ameshaniita kuja kumuaga zaidi ya mara moja, na nikifika namkuta kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, anapalilia maharage, ananiuliza kwa nini nimekonda na mchumba yuko wapi. Tena kulikuwa na jambo lingine. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu alikuwa anaolewa Mwanza, na mimi ndiye msimamizi wake. Kitenge kilikuwa kimeshashonwa. Mwalimu mkuu alikuwa anatoa ruhusa moja tu, si mbili, na mimi nilikuwa nimeshaichagua moyoni kabla sijaimaliza barua ya baba.

Nikakaa mezani nikamjibu. Mwanangu, ile barua ilikuwa nzuri! Niliiandika kama somo la ubaoni. Kwanza garimoshi: watu wanalala hadi njiani, choo kimoja behewa zima, maji ya kunywa hujui yametoka wapi. Halafu gari: kutoka Tabora hadi Biharamulo ni vizuizi kila mahali, ukikwama unalala kijiji usichokijua na kula cha barabarani. Mwisho ndege: nafasi ni za wakubwa wa Serikali, na hata ukiipata, bado unashuka Mwanza ukutane na ugonjwa ule ule. Nikamshauri na wao wachemshe maji, wanawe mikono kwa sabuni, wasile kwenye matanga. Nikamaliza hivi: "Njia zimefungwa, baba. Mwambie bibi aniombee."

Hapakuwa na neno la uongo katika karatasi ile. Ukiichukua leo ukampa daktari, atakubaliana nayo. Uongo ulikuwa mmoja tu nao sikuuandika: kwamba ningekwenda kama njia zingekuwa nzuri.

Baada ya muda nikapanda garimoshi lile lile, nikaenda harusini. Nilibeba maji yangu niliyochemsha, nikakaa dirishani, nikafika Mwanza sina hata mafua. Harusi yenyewe ilikuwa ya watu wachache kwa sababu ya amri ya Serikali, hakuna ngoma, kila mtu ananawa mlangoni. Tulicheka sana. Nakiri kwamba sikumkumbuka bibi, ila wakati wa kula matoke, nilipoona wameyapika magumu.

Kesho yake, Jumapili, tukatoka kumsindikiza mgeni mmoja bandarini. Karibu na bandari palikuwa na shule iliyofanywa karantini. Meli iliyotoka Bukoba ilikuwa imefika na mgonjwa ndani yake, basi abiria wote wa daraja la chini wakazuiliwa pale mpaka ijulikane wako salama. Walizungushiwa kamba, na mgambo amesimama na rungu. Mimi napita na kitenge changu, naangalia mbele, kama wanavyofanya watu wakipita penye shida isiyowahusu.

"Koku! Mwana wange!"

Ni Kihaya, na ni sauti ya baba. Nikageuka. Alikuwa amesimama uwanjani, koti lake la kanisani juu ya kanzu, kidumu cha maji mkononi.

"Afande, si nilikwambia?" akamwambia yule mgambo kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilikwambia nina binti mwalimu. Nimekwama hapa, kasikia, kaja! Njia zote zimefungwa, na kaja!"

Mama mmoja ndani ya kamba akapiga kigelegele. Wengine wakapiga makofi. Rafiki zangu wa harusini wakanitazama, hawaelewi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepita wapi?"

"Nimekuja kwa garimoshi."

"Lile lile baya?"

"Lile lile."

Akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga. "Umehatarisha roho yako kwa ajili yangu," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hapo hapo akanieleza kilichomleta. Barua yangu ilipofika alimsomea bibi yote, tangu garimoshi hadi ndege. Bibi akasema mtoto yuko peke yake katikati ya ugonjwa na ninyi mmekaa hapa mnanitazama mimi. Akamwambia baba, "Mimi nimeshaishi. Nenda ukamlete, na kama haletiki, ukae naye." Baba alisitasita, naye bibi akamfukuza kwa fimbo akiwa kitandani. Basi akaomba kibali kwa mwenyekiti wa kijiji, akafunga ndizi za kuchoma na kidumu cha maji, akapanda meli aje Mwanza, toka hapo achukue garimoshi mpaka Tabora.

"Nimefuata maneno yako yote," akaniambia kwa fahari. "Sijala cha mtu njiani. Na hawa nimewafundisha kuchemsha maji. Nimewaambia binti yangu ameandika."

Nilimtuma mtu Tabora amweleze mwalimu mkuu nimepata matatizo ya nyumbani, nikabaki Mwanza kwa rafiki yangu. Kila siku nilipeleka uji mpaka kwenye kamba. Watu wa karantini walinizoea, wakaniita binti mwema. Ukitaka kujua aibu inavyoweza kumlisha mtu na kumfanya anenepe, ungeniona siku zile.

Walipoachiwa, tukapanda meli pamoja, tukashuka Kemondo, bandari ya upande wa kwetu. Kwenye gati tukakutana na jirani yetu wa Ijumbi aliyeleta ndizi. Alipomwona baba alivua kofia kwanza, na hapo nikajua.

"Pole, kaka. Mama tumemzika wiki iliyopita. Tulitaka kukungoja, lakini si unajua amri ya sasa. Hata mtu akifa kwa uzee, ni siku hiyo hiyo, na watu wachache. Mdogo wako ndiye aliyetupa udongo wa kwanza."

Wewe umezaliwa siku hizi, huenda hilo la udongo hulipi uzito. Baba alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Udongo ule ulikuwa wake. Tangu alipopata akili alijua kwamba siku moja atasimama kibanjani, penye makaburi ya wazee, na kumfunika mama yake kwa mkono wake. Alikaa juu ya gunia la mtu.

Lori la kahawa likatusogeza, likatuacha njia panda, tukaanza kutembea. Mimi nalia. Baba akanishika bega.

"Usilie hivyo," akasema. "Mimi na wewe tumefanya tulichoweza. Njia zilitushinda."

Hapo ndipo niliposhindwa mimi. Ningeweza kuvumilia kofi. Kufarijiwa na mtu niliyemnyang'anya maziko ya mama yake sikuweza. Nikasimama katikati ya barabara nikamwambia yote. Harusi, kitenge, ruhusa ya mwalimu mkuu, na kwamba sikujua kabisa kama yuko karantini, nilikuwa napita tu.

Hakupandisha sauti. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

"Kumbe ulikuwa hutaki kuja," akasema. "Ungeniambia hutaki, Koku. Ningekasirika, ningekutukana, halafu ningebaki na mama yangu."

Akaendelea kutembea. Mimi nikafuata nyuma yake mpaka nyumbani.

Ndugu walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, kama ilivyo desturi yetu msibani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mzee wa ukoo, baba mdogo wa baba yangu, alikuwa mkali hata siku za furaha. Hakumpa nafasi hata ya kunawa uso.

"Mtoto wa kwanza," akamwambia mbele ya wote. "Mama yako anakufa, wewe unatembea. Mdogo wako anafanya kazi yako. Tuambie ulikuwa na jambo gani kubwa kuliko hili."

Baba hakunitazama. Mwanangu, huyu ni mtu ambaye hata kwenye mnada wa kahawa alikuwa akisema kasoro za kahawa yake mwenyewe kabla hajaulizwa. Angeweza kusema neno moja tu, na macho yote yangenigeukia mimi, na ingekuwa haki.

"Njia zilifungwa, baba," akasema. "Nilikwama. Koku ndiye aliyenifuata akanihudumia."

Wanawake wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono akasema asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Mzee wa ukoo akaendelea kumlaumu baba mpaka akachoka, naye akapokea yote akiwa ameinama. Na mimi, niliyekuwa na mdomo wa kufundisha watoto arobaini darasani, sikusimama. Nilikaa kwenye zile nyasi, nikashukuriwa.

Baba aliishi miaka mingi baadaye na hakunirudia lile neno hata mara moja. Mara nyingine nilitamani anirudie. Watu wa Ijumbi walimkumbuka mpaka anakufa kama mtu aliyekosa kumzika mama yake, na mimi wakanikumbuka kama mtoto aliyemfuata baba yake kwenye kipindupindu. Wote aliokuwa akiwaficha sasa wamekwisha kuzikwa. Ndiyo maana nakwambia wewe.

Sikwambii upande basi. Ugonjwa si mchezo, na niliyoyaona kwenye ile karantini sitakutakia uyaone. Kuna safari ambayo mtu anayependa kweli ataiacha, na kuiacha kwake ni upendo. Lakini kabla hujahesabu mabasi na ndege, jiulize kwanza jambo moja ukiwa peke yako: njia zingekuwa wazi, ningekwenda? Kama jibu ni ndiyo, basi sema njia ni mbaya, na utakuwa umesema kweli. Kama jibu ni hapana, usimtumie mwenzio habari za njia. Mwambie siwezi, au mwambie sitaki, au mwambie nina mambo yangu, unisamehe. Atakununia. Kununiwa kunapona. Lakini ukimpa sababu nzuri, na anakupenda, ataichukua kama ulivyompa, ataifunga pamoja na ndizi zake za njiani, aondoke nayo kwenda mahali ambapo hakupaswa kwenda.

Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, usingoje barabarani ukiwa wawili tu. Sema pale ambapo mwenzio analaumiwa kwa ajili yako. Mimi ningetoa vyote nilivyonavyo nirudishwe kwenye zile nyasi kwa muda wa kusimama na kukaa tu.

Mungu akulinde na maradhi ya barabarani na ya nyumbani. Akupe watu wa kukuita, na wakikuita akupe ama miguu ya kwenda, ama moyo wa kuwaambia kweli kwamba huendi. Na siku yako ya kumfunika mzazi wako ikifika, Mungu akukute upo.