Akina Thibodeau Wawili Mbele ya Jaji

Lorraine Thibodeau alikuwa na saluni katika mji wa viwanda vilivyokufa, huko Massachusetts, na kwa miaka mingi wateja walimsimulia talaka zao na ugomvi wa mirathi huku vichwa vimeinama kwenye sinki. Binti yake Celeste alipoingia chuo cha sheria, Lorraine naye akapeleka maombi kimyakimya, akakubaliwa. Nyumbani aliaga kuwa anakwenda mazoezi ya kwaya. Mumewe, Armand, alijua kuwa mkewe hajui kuimba, lakini hakuuliza.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, ghorofa mbili tu za kiwanda cha zamani cha viatu. Celeste alisoma mchana na vijana wenzake. Lorraine alisoma jioni na polisi, wauguzi na wakala mmoja wa bima aliyekuwa akikoroma mihadhara ikiendelea. Siri ilidumu mpaka theluji ya kwanza, Celeste alipochelewa kutoka maktaba akamkuta mama yake kwenye mashine ya kahawa, akiipiga ngumi imrudishie sarafu.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nina somo la mikataba."

Celeste alitazama huku na huku. "Sawa. Ila tukiwa hapa chuoni, hatujuani. Niahidi."

Lorraine aliumia kidogo, lakini aliahidi. Tangu siku hiyo wakipishana kwenye ngazi walipeana salamu za heshima kama wageni hotelini. Armand ndiye aliyeteseka, maana nyumbani walimalizia mezani yote waliyoyabana chuoni. Siku moja aliomba aongezewe pai ya nyama, akaulizwa na wote wawili ana haki gani nayo.

Mwaka wa pili yakaja mashindano ya kesi za mazoezi, wanafunzi wa mchana dhidi ya wa jioni. Kura ikawaangukia wao wawili. Kesi ilihusu mbwa aliyekula keki ya harusi: Lorraine alimtetea mwokaji, Celeste akamtetea mwenye mbwa. Kitini alikaa jaji mstaafu, mama mkavu asiyetabasamu. Armand alikaa nyuma kabisa, koti bado mwilini.

Lorraine alianza vizuri. Alimbana mwenye mbwa mpaka akakiri kuwa aliuacha wazi mlango wa bustani yake. Celeste akainuka.

"Napinga, Mheshimiwa. Wakili anamtisha shahidi."

"Kaa chini, Celeste," Lorraine alisema bila hata kugeuka. "Nikiongea usinikatize."

Jaji akavua miwani.

"Mnafahamiana nyinyi wawili?"

Lorraine alikumbuka ahadi yake. "Hapana, Mheshimiwa."

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Celeste.

Jaji akatazama karatasi yake. "Wote mnaitwa Thibodeau."

"Ni jina la kawaida sana mjini kwetu, Mheshimiwa," Lorraine alisema.

"Pua nazo ni za kawaida?"

Kule nyuma Armand alianza kukohoa kikohozi ambacho kila mtu alijua si kikohozi. Lorraine alikuwa tayari kuishikilia ahadi yake hata wamfukuze chuo. Lakini Celeste, masikio mekundu, alisimama tena.

"Mheshimiwa, naomba kusahihisha kauli yangu. Huyu ni mama yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme, na nimekosea."

"Na yule anayekohoa?"

"Ni baba."

Jaji aliwakata alama wote wawili, akawapa somo refu juu ya kusema uongo mahakamani, kisha akaamuru kesi iendelee. Lorraine alipigana, lakini akili ilikuwa imeshamtoka. Kila alipomsikia binti yake akisema "huyu ni mama yangu" kichwani mwake, alipoteza mstari aliokuwa akiusoma. Celeste akashinda kwa alama chache.

Usiku huo walikwenda kula piza.

"Wakili wa mwokaji alikuwa hatari," Celeste alisema. "Ningekuwa na mbwa, ningemfungia ndani."

"Mbwa aliruhusiwa kutoka," Lorraine akajibu. "Mwenyewe akiacha mlango wazi, hiyo ni ruhusa. Ungesoma vizuri—"

"Nimesoma. Ruhusa kwa mbwa haina nguvu kisheria."

Armand alichukua sahani yake, akahamia meza ya dirishani.