Kumtafutia Baba Maneno

Ule mchezo tuliuiba kwenye runinga ya jirani yetu mwalimu, kadude kadogo kalikotumia betri ya gari. Jumamosi jioni tulijazana kwake, miguu ina matope ya shamba la chai, tukitazama Wazungu wawili wawili. Mmoja anapewa neno la siri, analieleza bila kulitaja, na mwenzake alipate kabla kengele haijalia. Nyumbani tukaandika maneno yetu nyuma ya pakiti za unga tulizokata kuwa kadi, na kengele ikawa mwiko juu ya kifuniko cha sufuria.

Kisha Baba akapigwa na kiharusi akichuma chai, na maneno yakamponyoka. Mtu aliyekuwa akiomba kanisani mpaka chakula kinapoa nyumbani! Sasa akitaka chumvi ni "ile, ile," huku machozi yanamlenga. Haki niliumia. Dada yangu mkubwa ndiye aliyesema tumchezeshe. Kengele tukaitupa, kwani nani alikuwa na haraka? Namwambia, "Ya ng'ombe, nyeupe, unaweka kwa chai." Anatafuta, anatafuta, halafu, "Maziwa!" na nyumba nzima inapiga kelele.

Zamu ya kadi kuwa mkononi mwake ilikuwa ngumu zaidi. Tulimwuliza: ni mnyama? Kinaliwa? Yeye ajibu ndiyo au hapana tu. Lakini mdomo ulisema "hapana" huku kichwa kikiitikia. Tulipomrekebisha alikasirika, akarusha kadi. Mama akasema, "Mwacheni, si mnaona kichwa?" Basi tukawa tunafuata kichwa, mdomo tunauacha, na mchezo ukaendelea vizuri.

Wakati huo dada alikuwa amepata mtu, kijana mpole wa upande wa Mulot. Alimpenda jamani, hata akichuma chai alikuwa anacheka peke yake. Wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kwa koito, kuposa rasmi. Baba mdogo akajitolea kusema kwa niaba ya ndugu yake. Dada akakataa katakata. "Baba yangu yuko hai. Atanitoa mwenyewe." Mama akamuunga mkono. Mimi nikasema, pembeni bila shaka, kwamba baba mdogo aache kiherehere.

Wageni wakaja. Baba alivaa koti lake la kanisani, akakaa wima. Mambo ya ng'ombe wa mahari yakakubaliwa bila kelele, hata baba mdogo akaanza kutania. Ndipo msemaji wao, mzee wa adabu sana, akamgeukia Baba mwenyewe. "Mzee, unatupatia huyu msichana?"

Baba akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kwa sauti yake ile ya kanisani, wazi kabisa: "Hapana."

Nikaruka kutoka mlango wa jikoni. "Anamaanisha ndiyo! Muangalieni kichwa!" Wazee walinitazama kama kuku aliyeingia kanisani. Baba mdogo naye akasihi, ni ugonjwa, wazee, muulizeni tena. Yule mzee akauliza tena, pole pole. Baba aliona macho yote yamemkazia, akatokwa na jasho. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana."

"Tumesikia," mzee akasema, na hakuwa na hasira, heri angekuwa na hasira. "Hatuna ubaya na nyinyi. Lakini msichana ambaye baba yake amekataa, kwetu hachukuliwi. Laana ya mzazi haina dawa." Wakachukua fimbo zao. Mursik, ile mala ya kibuyu waliyomiminiwa, haikuonjwa. Mama aliwafuata mpaka kwenye lango akiwabembeleza, mtu ambaye sijawahi kumwona akibembeleza mtu.

Dada hakulia. Alianza kukusanya vikombe, kimoja kimoja. Alipofika kwa Baba, Baba akamshika mkono, uso umejaa furaha. Neno lilimjia lenyewe, bila sisi kumsaidia.

"Harusi," alisema. "Harusi ni lini?"