Hodhi Moja, Kasa Wawili

Kabla ya kuja kwenye kituo chetu cha utafiti wa wanyama wa baharini, mwanamke huyu alikuwa amesugua sakafu za wodi ya upasuaji kwa miaka kumi na tisa. Wodi ilipofungwa alikuja kwetu na ndoo yake mwenyewe, glavu zake mwenyewe na imani moja tu, kwamba uchafu ni ugonjwa ambao bado haujapewa jina. Wiki ya kwanza alisugua matangi yote kumi na mawili ya kasa, akasugua mabomba kwa nje, akasugua na kitasa cha mlango wa stoo. Dereva wa kituo ndiye aliyempachika jina la Mama Brashi.

"Msisimame karibu naye," dereva alituambia. "Atawasugua hata vivuli."

Yeye hakucheka. Alimtazama miguuni. "Baba, hivyo viatu umetoka navyo wapi? Rudi nje ukavikung'ute."

Dereva akarudi nje.

Kasa walioletwa kwetu walikuwa wamekatwa na nyavu, karibu wote kwenye mapezi ya mbele. Daktari wetu wa wanyama, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti wa Mama Brashi, alikuwa akitafuta jibu la swali moja: je, marhamu ya mshubiri na asali inaponya jeraha la wavu sawa na dawa ya hospitali? Ikiwa jibu ni ndiyo, hata mtu anayeishi mbali na duka la dawa angeweza kumtibu kasa aliyenaswa kabla ya kumrudisha majini. Sita walipakwa marhamu, sita wakapakwa dawa ya hospitali. Kila mmoja alikuwa na tangi lake, na namba yake iliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya gamba. Pete ya chuma, ile inayobanwa kwenye pezi, ilibidi isubiri, kwa sababu mapezi ndiyo yaliyokuwa na vidonda. Kwa hiyo rangi ile nyekundu ndiyo iliyokuwa jina la mnyama. Mimi ndiye ninayeandika daftari la matangi: uzito, chakula, urefu wa jeraha, dawa aliyopakwa. Kila mstari ulianza na namba.

Mlangoni Daktari alibandika karatasi: *Osha tangi moja, maliza, ndipo uende lingine.*

Alhamisi moja tulitarajia wakaguzi saa nne asubuhi. Pampu ilikuwa inavuta kwa kusuasua. Mama Brashi, aliyekuwa na mwezi wa nne kati ya sita ya majaribio kazini, aliona akifuata karatasi ya mlangoni wakaguzi watakuta kazi nusu. Akayaondoa maji kwenye tangi la nne na la saba kwa mpigo, akawaweka kasa wote wawili kwenye hodhi ya pembeni. Huko, chini ya mwanga wa dirisha, aliuona ukoga wa kijani migongoni mwao. Tulikuwa tumemwambia aufute kwa kitambaa laini na asiiguse namba. Lakini wakaguzi walikuwa njiani, na brashi ilikuwa mkononi.

Alipomaliza, magamba yaling'aa kama sahani za harusi, na hakukuwa na namba hata moja.

Aliniambia baadaye kwamba aliwakagua mmoja mmoja akitafuta tofauti. Hakuwa bado amewazoea kwa sura. Uzito wao ulikaribiana na vidonda vyao vilifanana. Aliona mmoja ni mkubwa kidogo, akajiambia huyo ndiye Nne. Kopo la rangi lilikuwa rafuni. Akaandika nne kwa huyu na saba kwa yule, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Daktari, akamrudisha kila mmoja kwenye tangi la namba aliyompa. Wakaguzi walipofika walisifu usafi.

Jumapili ilikuwa zamu yake ya kulisha. Kwa miezi yote tuliyokaa naye, Nne alikuwa na haya: hakugusa ngisi mpaka mlishaji ageuke aende zake. Saba alikuwa mlafi, kichwa nje ya maji kabla hujafungua kifuniko cha ndoo. Jumapili ile, kwenye tangi la nne, mnyama aliinua kichwa akanyakua ngisi kwenye koleo. Kwenye tangi la saba, mnyama alijificha nyuma ya bomba. Mama Brashi aliigeuza ndoo, akaikalia.

Daftarini mimi niliandika kama alivyonisomea: *Nne, amekula upesi. Saba, hakula mbele ya mtu.* Nikafunga daftari nikaenda kunywa chai. Hilo ni langu, na sijalisahau.

Jioni yake, nyumbani, alimweleza dada yake mkubwa. Waliishi wawili katika vyumba viwili nyuma ya gereji, tangu wote wawili walipofiwa na waume. Dada alikuwa na miguu inayovimba na ulimi usiochoka.

"Wanapona?" dada aliuliza.

"Wanapona wote."

"Sasa kinachokuliza nini? Kasa ni kasa. Wamebadilishana vyumba tu, kama wageni."

"Dada, kila mmoja sasa anapakwa dawa ya mwenzake."

"Na kidonda kinafunga?"

"Kinafunga."

"Basi funga na wewe huo mdomo. Mdomo huponza kichwa, mdogo wangu. Umebakiza miezi miwili uandikwe kazi. Au unataka turudi kwa shangazi, tulale sebuleni tukihesabu makoroma yake?"

Akanyamaza. Alikuja kazini kila siku, akaosha tangi moja moja, akafuata karatasi ya mlangoni herufi kwa herufi. Na alikonda. Dereva alimtania kwamba anajisugua mwenyewe.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, yalirudi majibu ya damu kutoka maabara kuu. Damu ile ilichukuliwa Jumatatu ya juma lile lile la wakaguzi, siku tatu kabla ya kusuguliwa. Daktari alitusomea akiwa amesimama. Saba: safi, jeraha limefunga, aachiwe. Nne: ana kirusi kinacholeta uvimbe machoni na shingoni. Kwa nje haonyeshi kitu, lakini akirudi baharini atakipeleka kwenye malisho ya nyasi za bahari ambako kasa hukusanyika kwa mamia. Asitoke kituoni.

"Ijumaa tunamwachia Saba," Daktari alisema. Alikuwa anatabasamu. Huyo angekuwa wa kwanza wa utafiti wake kurudi majini, na wageni walikwisha kualikwa.

Mama Brashi alikuwa anakamua kitambaa. Aliendelea kukikamua muda mrefu baada ya maji kuisha.

Aliniambia kwamba siku mbili zile alijaribu kuamini amekosea. Labda kasa naye hubadilika tabia. Labda Nne amezoea watu. Kila alipopita tangi la saba na kumwona mnyama amejibana nyuma ya bomba, alijua. Jumatano alifika mpaka mlangoni kwa Daktari, akageuka. Alhamisi alifika, akagonga, Daktari akasema "Karibu," na yeye akauliza kama sabuni iagizwe.

Ijumaa asubuhi kreti ilikuwa chini, imetandikwa sponji lililoloa. Dereva na mimi tulimtoa mnyama wa tangi la saba kwa machela, kilo thelathini na nne, tukamlaza mezani. Daktari alishika koleo ya kubania pete. Utaratibu ni kwamba pete ikishabanwa, rangi inafutwa gambani, na kuanzia hapo namba ya pete ndiyo jina la mnyama maisha yake yote.

"Mama, mloweshe kichwa kidogo," Daktari alisema.

Mama Brashi alimlowesha. Kisha akaweka kiganja chake juu ya pezi, pale pale pete ilipotakiwa kukaa, na hakukiondoa.

"Mama, mkono."

"Daktari, huyu si Saba."

Dereva aliangua kicheko. "Umemsugua mpaka kasahau jina lake?"

"Nyamaza, baba." Hakumtazama. "Daktari, huyu ni Nne."

Simu ya Daktari ililia mfukoni. Wageni walikuwa ufukweni tayari. Hakuipokea. "Mama, namba hii hapa. Inasomeka."

"Niliiandika mimi."

Akaeleza. Hakupamba: wakaguzi, matangi mawili kwa mpigo, hodhi, brashi, rangi, kukisia. Alikuwa akisema huku mkono uko juu ya pezi, na mnyama alikuwa akipumua kwa ule mvuto mzito wa kasa aliye nje ya maji.

"Lini?" Daktari aliuliza.

"Alhamisi ile ya ukaguzi."

Daktari alinigeukia. "Damu tulichukua lini?"

Nilifungua daftari, ingawa nilikumbuka. "Jumatatu yake. Siku tatu kabla."

Dereva alivua kofia.

"Una uhakika huyu ni Nne?" Daktari aliuliza.

"Nina uhakika na wanavyokula. Damu siijui mimi. Lakini nimekaa wodini miaka kumi na tisa. Mgonjwa akitundikiwa kadi ya jirani yake, kadi haimponyi."

"Wiki tatu!" Sauti ya Daktari ilipanda mara moja. "Wiki tatu unanipita kwenye korido, shikamoo, marahaba, sabuni iagizwe! Huyu nimempaka dawa isiyo yake kila siku, nikaandika, nikajumlisha. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo anaondoka. Mpaka jana tungeweza kusahihisha hapa hapa ndani. Akishaingia kule, nani atamrudisha?"

Daktari aliweka koleo mezani taratibu, kama mtu anayeogopa atairusha. Alimtazama mnyama. Akamtazama mwanamke. Simu ikalia tena.

"Sikuamini," alisema. "Inawezekana umekosea tena, na mimi nitakuwa nimewafukuza wageni kwa ajili ya kasa aliyechelewa kula. Lakini simpeleki majini nikiwa na shaka. Mrudisheni tangini."

Siku hiyo alichukua damu upya kwa wote wawili, mbele yetu sote, chupa moja ikafungwa na kuandikwa kabla ya sindano ya pili kufunguliwa. Kisha akaenda ufukweni peke yake kuwaambia watu warudi makwao. Hata kwa kuharakishwa, majibu yangechukua siku tisa. Mama Brashi alikatazwa kugusa mnyama yeyote mpaka yafike. Alibaki na sakafu.

Zile siku tisa hazikuwa nyepesi kwa yeyote. Kama amekosea, basi mnyama mzima amezuiwa, utafiti umetiwa doa bure, na yeye amejichongea kwa mkono wake. Kama hakukosea, basi utafiti umepoteza wanyama wawili na yeye ndiye sababu. Hakukuwa na jibu la kumtoa salama. Nyumbani dada yake alimnunia siku mbili, ya tatu akashindwa.

"Nilikuambia ufunge mdomo."

"Ulisema."

"Na kule kwa shangazi godoro ni moja."

"Najua, dada. Utalala wewe."

Dereva naye aliacha utani. Aliingia kila asubuhi akiwa amekwisha kukung'uta viatu, na hilo lilimtia Mama Brashi wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya tisa Daktari alituita ofisini, mimi na yeye. Karatasi ilikuwa mezani. Mnyama aliyekuwa na saba nyekundu mgongoni ndiye aliyekuwa na kirusi. Yule mwenye nne nyekundu alikuwa safi kabisa, na hakuambukizwa kwenye ile hodhi.

Mama Brashi alifumba macho. Sikujua kama ni furaha. Hata yeye nadhani hakujua.

Daktari hakumpa nafasi ya kulijua. Alieleza mambo kwa mpangilio, kwa sauti kavu. Wanyama hao wawili wameondolewa kwenye utafiti wa marhamu. Wamebaki kumi, na katika taarifa itaandikwa kwa nini. Rangi zitafungiwa kabatini. Majaribio yake ya kazi yanaongezwa miezi sita mingine. Na hii ni barua ya onyo, aisome, aweke sahihi.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Alipofika katikati kidole kilisimama.

"Hili neno hapana."

"Lipi?"

"Hapa. 'Kwa uzembe.' Sikuzembea mimi, Daktari."

"Mama, ulifuta namba za wanyama wawili!"

"Mzembe hasugui. Andika kwamba nilitoa maji matangi mawili wakati karatasi inasema moja. Andika nilisugua kupita kiasi. Andika nilikisia nikaiandika kama naijua, halafu nikanyamaza wiki tatu. Yote hayo ni yangu, nayatilia sahihi. Uzembe si wangu."

Nilidhani Daktari atakasirika upya. Akavuta barua, akalikata neno kwa mstari mmoja, akaandika pembeni yale manne kama yalivyotajwa, kwa mwandiko wake mbaya, akaweka herufi za jina lake kando. Mama Brashi aliyasoma tena yote kwa kidole, ndipo akashika kalamu.

"Nne anahamia tangi lipi?" aliuliza akiwa anasaini.

"La kumi na mbili. Lina bomba lake peke yake. Aliyekuwamo tumeshamhamisha."

"Lina ukoga kwenye kona ya nyuma." Alirudisha kalamu mezani, akachomoa glavu mfukoni. "Asiingizwe mpaka nimalize."