Daktari Alipocheza Mganga

Daktari Aristide ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mpanda wanamsifia mengine yote: anatibu, anaandika michezo ya kuigiza, anachora. Kweli. Ukutani kwenye wodi yetu ya watoto yupo mama mwenye chandarua, aliyechorwa na Daktari kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango. Lakini mimi Eufrazia, nesi wake wa siku nyingi, ndiye ninayemwona amekaa na mtoto mwenye homa, jasho linamtiririka, anasikiliza pumzi za mtoto hadi anasahau kuvuta za kwake. Kwao ni Mpimbwe, wakulima wa mpunga. Wadogo zake walizikwa kabla yeye hajajua kusoma, na hofu ile hajawahi kuitua. Anaiandika.

Anaandika popote, hata nyuma ya makaratasi ya dawa. Mara ngapi nimemgombeza! Namwambia, "Daktari, wagonjwa wako foleni," ananijibu, "Ngoja kidogo, Nesi, huyu mama bado analia." Nageuka kumtafuta huyo mama, kumbe ni wa kwenye karatasi.

Mchezo wake wa mwisho ulihusu degedege. Huku kwetu mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengi wanaamini kwamba sindano itamuua palepale. Basi wanamfukiza moshi wa mavi ya tembo, saa zinakwenda. Daktari akaandika kisa cha mganga wa kienyeji anayekataza sindano, mtoto anakufa, mganga anaungama kaburini. Tulikwenda kukicheza kijijini Magamba, uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa mama wa mtoto. Mganga alikuwa Daktari mwenyewe, maana ile sehemu ilikuwa tamu na hakutaka kumwachia mtu. Nilimwambia ampe mwingine. Wapi, hakunisikia.

Na alicheza, huyu mtu. Alisimama katikati ya uwanja akasema, "Degedege halitaki sindano. Ukimchoma mwanao, umemzika." Hapo hapo mvua ikashuka, ile isiyopiga hodi, kila mtu akakimbilia kwake. Tulirudi mjini tumelowa chapachapa, tunacheka, tukasema tutamalizia siku nyingine.

Wiki iliyofuata, asubuhi, akaingia bibi mmoja wa Magamba, Bibi Tereza, na mjukuu wake Doto mgongoni. Mtoto anachemka, meno yameumana, mikono inarukaruka. Pacha wake, Kulwa, walishamzika mwaka jana. Nilimpa Doto dawa ya kupitia njia ya haja kubwa, degedege likalegea, na bibi hakukataa kwa sababu dawa ile haina ncha. Lakini malaria ilishapanda kichwani, na dawa yake ni sindano. Nilipochukua bomba tu, bibi akamkumbatia mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usimguse, Nesi."

"Bibi, huyu atakufa."

"Atakufa mkimchoma. Daktari mwenyewe alituambia. Nilikaa mbele kabisa, nikasikia kwa masikio yangu haya."

Nilimtazama Daktari, midomo imemkauka.

"Bibi, ule ulikuwa mchezo," alisema. "Nilikuwa namwigiza mganga."

"Siku ile hukuvaa koti jeupe, baba," bibi alimjibu kwa upole kabisa. "Ulisema ya moyoni. Leo uko kazini, lazima useme ya kazini. Sikulaumu."

Wahenga wanasema mdomo uliponza kichwa. Huu wa Daktari ulikuwa unaponza kichwa cha mtoto wa watu, na mimi nimesimama na bomba mkononi, naogopa kumnyang'anya bibi yule mjukuu wake, naogopa kutomnyang'anya. Doto alianza kukoroma.

Daktari alivua koti. Akapiga magoti pale sakafuni, akaendelea na mchezo kutoka pale mvua ilipotufukuza. Nilitaka kumpiga. Mtoto anakwenda, wewe unaigiza? Lakini alikuwa ameshafika kaburini, anafukua udongo usiokuwepo, analia. "Nisamehe," alisema. "Nilikataza sindano, nikakuzika. Nisamehe, Gabrieli."

Hakukuwa na Gabrieli kwenye mchezo wetu. Mistari yote naijua.

"Gabrieli ni nani?" bibi aliuliza.

Daktari alifuta uso kwa mkono. "Mdogo wangu, Bibi. Mama alitaka kumpeleka zahanati. Mimi nililia nikamzuia, kwa sababu nilisikia wakubwa wanasema sindano inaua. Nilikuwa mtoto, lakini mama alinisikiliza."

Bibi Tereza akamlaza Doto kitandani, akageuzia uso wake ukutani. "Mchomeni," alisema. "Mimi sitazami."

Mshipa niliupata.

Jua lilipokuwa kichwani Doto alifumbua macho akaomba uji. Nilitoka mbio nje kumwambia Daktari. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ametapika kando ya ua.

"Amezinduka," nilimwambia.

"Nesi, Jumapili ile pale uwanjani walikuwepo watu wengi?"

"Si ulikuwepo? Uwanja ulijaa."

"Na huyu mmoja tu ndiye aliyeletwa," alisema.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikwenda kuwasha pikipiki. Nilipanda nyuma na sare yangu ya kazi, bila kuaga mtu. Njia nzima ya Magamba alikuwa akisemasema peke yake, anapanga maneno atakayoyasema nyumba kwa nyumba, anayapangua, anaanza tena. Nami nilikuwa nasali tu.

Kwenye uwanja wa nyumba ya kwanza walikuwa wamefunga turubai. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, wengine bado wana udongo miguuni. Mama mmoja kijana, Pudensiana, ambaye ndiye mfiwa, alipomwona Daktari aliinuka akaja kumpokea kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuja, Daktari," alisema. "Tulishika maneno yako. Mwanangu hatukumchoma hata mara moja."