Kengele ya Mlango na Maji ya Bubu

Mambo mengi niliyokuwa siyaelewi nikiwa kijana nimeyaelewa uzeeni. Hili la kengele sijalielewa mpaka leo. Naliandika kama lilivyokuwa, na kalamu yangu ni ya chuo cha Kurani, si ya shule, kwa hiyo msinitafutie mapambo.

Ilikuwa zamani za vita vya pili, nguo zilipokuwa adimu hapa Bagamoyo. Mtu akifa watu walihangaikia sanda kabla ya kuhangaikia kaburi. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka la Muhindi, njia ya sokoni, lakini vitambaa vya watu vililala nyumbani kwetu, katika sanduku pale ukumbini. Na wezi wa siku zile hawakungoja giza. Walikuja asubuhi, wanaume wako kazini na wanawake tuko uani, wakasukuma mlango, wakatoka na mzigo kichwani kama watu waliotumwa na wenyewe. Nyumba ya pili yetu waliondoka na kanga ya kambani, bado inatona maji.

Basi mume wangu akaenda Dar es Salaam kutafuta uzi, akarudi na uzi kidogo na chuma kimoja amekifunga ndani ya shuka. Aliuziwa na mpishi ambaye bwana wake Mzungu alihama akaacha vitu. Kilikuwa kisanduku kidogo, juu yake kikombe cha shaba kimepinduliwa kifudifudi. Ndani mlikuwa na utepe wa chuma uliojikunja kama wa saa. Unatia ufunguo, unazungusha mpaka unakaza. Pembeni kimetoka kiulimi. Ukikifunga juu ya mlango kwa ndani, ule ulimi unaegemea ubao. Mtu akisukuma mlango, ulimi unabonyea, na nyundo ndogo inagonga kile kikombe mfululizo, mpaka utepe ulegee wenyewe.

Siku ya kuifunga, mtaa mzima ulikuja kuisikiliza. Mume wangu alimtuma mmoja wao asukume mlango kutoka nje. Ilipolia, watoto walikimbia, na mimi mwenyewe niliziba masikio. Sijapata kusikia kitu kina kelele vile na hakina roho.

Jirani yetu, mwanamke mtu mzima ambaye uani kwake na uani kwetu paliunganishwa na kijilango, alishika kiuno.

"Toba! Mlango unapiga yowe kama mwari anang'olewa jino!"

"Bibi, wewe haitakulilia," mume wangu akamwambia. "Wewe unapita uani."

"Nipite uani kwani mimi kuku? Nikija kwenu kwa heshima zangu napiga hodi mlango wa mbele."

"Basi piga hodi, ungoje ufunguliwe."

"Nimekuzalishia mkeo, leo ningoje ufunguliwe!"

Watu wakacheka. Kisha mume wangu akawageukia wanaume wa barazani, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Jamani, mkisikia imelia, msiulize. Njooni na magongo." Wakamjibu, "Hatuulizi, fundi."

Walipoondoka nikamwuliza, "Na Bubu je?"

Bubu ndiye aliyekuwa mchota maji wetu. Hakusema wala hakusikia tangu kuzaliwa. Mtaani kwetu mwanamke wa heshima hakwenda kisimani mchana, kwa hiyo maji ya mtaa yote yalipita begani kwake, kwenye mzegazega, ule mti wenye debe moja mbele na moja nyuma. Kila mtu alijua kwamba Bubu hapigi hodi. Atapigaje? Mikono yake miwili imeshika kamba za madebe ili maji yasicheze; mlango aliusukuma kwa goti, akapita moja kwa moja hadi uani, akamimina mtungini. Mimi alikuwa akiniita kwa kupitisha mkono juu ya kichwa chake, kama anayejifunika ushungi. Ndilo lililokuwa jina langu kwake. Katika wanaume wote wa mji ule, ukimtoa mume na ndugu, yeye peke yake aliingia ndani mwetu na hakuna aliyenuna.

Mume wangu akajibu, "Nitamwonyesha."

Kesho yake asubuhi akaitega mwenyewe, kisha akatokea uani kwa jirani kwenda kazini. Mimi alinikataza kuigusa. Alisema wanawake tutaiharibu.

Asubuhi ile ile nilikuwa uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Kengele ikalia. Nazi ikanitoka mkononi. Nikanyanyuka, nikatazama ukumbini nikitarajia kumwona mwizi. Nikamwona Bubu. Anakuja na madebe yake, taratibu, na nyuma yake ile kengele inagonga kama inataka kubomoa nyumba, na yeye hana habari. Uso mkunjufu kama kila siku. Aliponiona akatua mzigo, akapitisha mkono kichwani, akanisalimu. Kisha akainama kumimina maji.

Nilimpungia mikono. Nikamwonyesha mlango. Akatazama nilikoonyesha, akadhani nataka debe la pili liwekwe kule. Akatikisa kichwa kwamba amefahamu.

Wanaume wakaingia. Walikuja kweli, kama walivyoahidi, na hawakuuliza. Wa kwanza alikuwa muuza samaki wa nyumba ya tatu, mtu ambaye mtungi wake ulijazwa na Bubu asubuhi ile ile. Alimwona mtu ameinama, amempa mgongo. Gongo likashuka begani. Bubu akaanguka juu ya mtungi, mtungi ukapasuka, maji yakamwagika uani kote.

Nikapiga kelele, "Ni Bubu! Ni Bubu jamani!" Kengele ilikuwa bado inalia, sauti yangu nikawa siisikii hata mimi. Wakamburura mpaka njiani. Na pale uso wake ulikuwa juu, juani, kila mtu anauona. Hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kama ni kwa mgongo, sawa, watu hukosea. Lakini walimwona uso. Mmoja akasema, "Ah! Kumbe ni Bubu." Nikashukuru Mungu moyoni. Halafu akaendelea, "Kumbe hata Bubu anaiba!"

"Kengele imelia," mwingine akasema. "Ingelia bure?"

"Umetumwa na nani? Sema!"

Walimwambia aseme. Wallahi walimwambia aseme, mtu ambaye wamemjua bubu tangu hawajaota ndevu, na kwa kuwa hakusema wakampiga. Ndipo akatoa sauti. Miaka yote hiyo hatukujua kama ana sauti. Sitaieleza.

Nilikuwa mke kijana. Tangu kuolewa sikuwahi kukanyaga njia ile mchana bila buibui. Nilitoka vile nilivyo, mikono ina nazi, nikavua kanga ya kichwani, nikamfunika nayo, nikapiga magoti kando yake kichwa wazi. Magongo yakabaki juu. Si kwamba walimhurumia. Waliona haya kunitazama mimi.

Jirani yangu naye akatokea, viatu hana, ameshika mwiko.

"Endeleeni! Mpigeni na huyo basi! Maji mnayotawadhia anawachotea nani? Maji mliyooshea maiti zenu aliyaleta nani? Mashujaa! Watu kumi kwa kiziwi mmoja!"

Muuza samaki akatazama gongo lake kama la mtu mwingine. Akasema polepole, "Lakini kengele ililia, bibi." Wakatawanyika mmoja mmoja.

Mume wangu alikuja mbio, futi ya kupimia bado iko shingoni. Neno lake la kwanza: "Wamechukua nini?" Neno lake la pili: "Kichwa chako kimekuwaje wazi njiani?"

Nikamwambia, "Bwana, ulimwonyesha?"

"Nani?"

"Huyu. Ulisema utamwonyesha kengele."

Akamtazama Bubu pale chini. Akanijibu, na hakuwa anatania: "Nilijua akiisikia mara moja tu, ataelewa."

Nilimtazama mtu niliyeolewa naye.

Bubu alibebwa juu ya kitanda mpaka kwa dada yake, njia ya Kaole, ambako waliishi wawili, dada akisuka mikeka. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, bega lenyewe lile la mzegazega. Aliyemwunga alisema ataishi, lakini kama atabeba tena, hilo alimwachia Mungu. Mtu asiyesema wala kusikia, na bega hana, atakula wapi?

Na kesho yake asubuhi mume wangu akapanda kigoda, akaitega tena kengele.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Kwani kengele imekosa nini? Imefanya kazi yake."

Mtaa ukakaa bila maji. Wanaume walichota alfajiri kwa kujificha, kila mmoja na kidebe chake, wakipishana kisimani bila kusalimiana. Mume wangu akashona kanzu kwa kitambaa chake mwenyewe, akasema anaipeleka kwa Bubu kuomba radhi. Nikavaa buibui nikamfuata, atake asitake.

Dada mtu alikuwa mwanamke mnene, macho makavu. Nilimpa shikamoo, akaitika vizuri. Kwa mume wangu hakutupa hata jicho. Bubu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani. Alipoona kanzu akageuza uso. Kisha kwa mkono mzima akagusa bega lake bovu, akaonyesha bega la mume wangu, akaonyesha mzegazega uliosimama pembeni.

"Anataka nini?" mume wangu akauliza.

"Anataka bega," dada akajibu. "Lake mmelivunja. Apate bega lako mpaka lake lipone, umchotee nyumba zake, asipoteze riziki."

"Dada yangu, mimi ni fundi."

"Basi utajifunza. Au twende barazani kwa Liwali, ukamweleze ulivyomtegea kiziwi kengele."

Mume wangu alichukua ule mti.

Siku ya kwanza ya kuchota, watu walijaa barazani kama siku ya kengele.

"Fundi, maji yanakupwaya! Yapunguze kiuno!"

"Fundi, suruali yangu vipi? Au leo unashona kisima?"

Na wale wenye magongo walikuwamo, wanacheka kuliko wote. Hata mmoja hakusema, lete nikupokee. Mimi niliwachungulia kutoka dirisha la ukumbini. Mikono iliyopiga ilikuwa inapokezana ugoro.

Alizungukia nyumba za watu, kwetu akaja mwisho. Kutwa alikuwa amesukuma milango kwa goti, mikono imeshika kamba, jasho limemziba macho. Akasukuma na wa kwake. Alikuwa ameitega mwenyewe asubuhi.

Ikalia.

Nilikuwa nimesimama pale ukumbini, niliona yote. Hakutazama juu kwenye kengele. Alitazama nyuma, njiani. Madebe yakamtoka, maji yakampiga miguuni, naye amejikunja, mikono juu ya kichwa, anangoja. Ile kengele iligonga mpaka ikachoka. Hakuna aliyekuja. Nje walikuwa wanajua ni fundi amerudi kwake, nikasikia mtu anacheka.

Mume wangu alibaki amejikunja muda, hata baada ya kimya. Kisha akachukua bisibisi ya cherehani, akaing'oa. Alimpa mtu wa Lugoba aliyekuja kuchukua nguo zake, aende nayo huko.

Bega la Bubu liliunga, limekaa upande. Akarudi kazini, mzegazega akauhamishia bega la kushoto. Siku aliyorudi nilimfungulia mlango mpaka mwisho, nikasimama kando, nikapitisha mkono juu ya kichwa changu, lile jina alilonipa. Alisimama kizingitini. Akainua macho juu ya mlango, ambako palibaki matundu ya skrubu, akayatazama. Kisha akatua madebe nje, akarudi nyuma hatua chache, akangoja.

Nikamwita kwa mkono. Akatikisa kichwa, hataki.

Hakuingia tena, si kwetu wala kwa yeyote. Kila nyumba, hata zile ambazo hazikuwahi kuwa na kengele, alitazama kwanza juu ya mlango, kisha akatua maji nje. Sisi wanawake tuliyaburura wenyewe mpaka uani, nikiwa na mimba, nikiwa na mtoto mgongoni, na yeye amesimama juani anangoja madebe yake. Wanaume waliona. Muuza samaki alimwona mkewe akiburura debe kila siku ya Mungu, na katika miaka yote iliyobaki ya Bubu sikumsikia akisema lolote, ila siku moja tu, nilipomwuliza mbele ya watu kwa nini alipiga mara ya pili, baada ya kuuona uso.

Alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto: "Lakini ililia."