Ovaroli Niliyoivua kwa Neno Nisilolijua

Haijanitoka akilini siku niliyoivua ovaroli yangu kwa hasira, mwanangu, nikabaki na singleti mbele ya wanawake wa kuchambua chai. Nilikuwa kijana, kuli katika godauni moja Changamwe, na kibarua kile ndicho kilichotulisha mimi na shangazi Mishi, aliyenilea Likoni.

Bosi wetu alikuwa Mzungu mwembamba, mpenda ndizi mbivu, lakini hayo tuyaache. Jumatano hiyo akanipiga bega: "Juma, teki Fraide ofu. Umeelewa?"

Nikajibu "Yes sa" kama jaji. Wallahi sikuelewa kitu. Pale Changamwe ndege hutupita juu ya mabati, na ikiruka tulisema imeteki ofu. Basi nikajua Ijumaa narushwa mimi, nafukuzwa kazi. Ya nini kungoja? Ovaroli chini, nikavuka feri.

Shangazi alikuwa akikuna nazi, wala hakusita.

"Amekufukuza kwa kosa gani?"

"Sijui."

"Ulimuuliza?"

"Ningeonekana sijui Kizungu, shangazi."

"Kwani wakijua? Basi aliyekufukuza ni masikio yako. Kesho utarudi, uulize mbele ya hao hao waliokuona na singleti. Ukifukuzwa, ufukuzwe kwa neno unalolijua."

Nilirudi kesho yake. Mbele ya wote nikamwomba karani wa godauni, aliyejua Kizungu, amuulize bosi. Karani alicheka hadi akashika meza. Kumbe kuvua ovaroli ni kuteki ofu, ndege kuruka ni kuteki ofu, mtu kuchomoka ghafla ni hilo hilo. Lakini siku ikitiwa katikati ya teki na ofu, umepewa mapumziko siku hiyo! Bosi alikuwa akinishukuru kwa Jumapili nilizomfanyia kazi. Kibarua alinirudishia, mapumziko akayafuta kwa kuwa nilimwachia kazi Jumatano. Ijumaa ile nilibeba makasha huku adhana ikiniita, na wale wanawake wakaniita Ndege mpaka nilipozeeka.

Nawe mwanangu unayeanza kazi, neno usilolijua liulize papo hapo, kwa mdomo wako, hata wakucheke. Usijibu ndiyo, usitie saini, usivue nguo ya kazi kabla hujauliza. Mimi walinicheka, na bado nilikula kwa kibarua kile miaka yote.

Mola akupe ulimi usioona haya kuuliza, na siku utakapoondoka mahali, uondoke kwa sababu unayoijua. Amin.